Bandi Tatu Kwenye Koti la Karani

Mumewe alikuwa fundi kufuli, kwa hiyo nyumbani kwao hapakuwa na kitu kilichofungwa. Sanduku la bati chini ya kitanda lilikuwa na kufuli, kabati lilikuwa na kufuli, hata kijisanduku cha penseli cha binti yao kilikuwa na kikufuli cha shaba, lakini vyote hivyo vilikuwa mapambo tu. Fundi Kufuli, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa funguo zilizoning'inizwa kwenye ubao kama samaki wa kukaushwa, na alipenda kusema kwamba halijazaliwa tundu litakalomshinda. Watu walimpenda. Bibi kizee akijifungia nje, Fundi Kufuli alikwenda hata kwenye mvua, akamfungulia, akakataa kulipwa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumweleza mtu.

Mkewe walimwita Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na pindo alilolishona halikuonekana hata ukiigeuza nguo juani. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwenye cherehani ya dirishani katika duka la Bi Mkasi. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani nne, meza ya kukatia, pasi nzito ya umeme na kioo kilichopasuka pembeni. Nyuma kabisa, ukutani, palikuwa na bomba la chuma walilotundika nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Waliziita yatima. Yatima alipofikisha miezi sita, Bi Mkasi alimuuza.

Pindo alijua kwamba ana virusi vya UKIMWI tangu alipopimwa akiwa na mimba, miaka tisa iliyopita. Mtoto alizaliwa salama, akapimwa kila mara ilipotakiwa, akaonekana hana kitu. Sasa yuko darasa la tatu na anazijua sayari zote kwa majina. Mumewe hakupima. Alisema mtu asiyeumwa anapima nini.

Mwanzoni mume alizivumilia dawa alizopewa Pindo kliniki. Kopo lilikaa nyuma ya chombo cha sukari, na yeye akajifanya halioni. Kisha siku moja mdogo wake wa kiume alikuja kuwatembelea, akatafuta sukari, akalishika kopo mkononi, akalitikisa, akalirudisha bila kusema neno. Jioni hiyo hiyo Fundi Kufuli alilimwaga chooni.

"Hizi hazikutangazi wewe," alisema. "Zinanitangaza mimi."

"Nisipomeza nitaumwa."

"Basi umwa kimya kimya."

Akampiga. Mara ya kwanza Pindo aliikumbuka kwa birika lililoanguka, mara ya pili kwa kiti, ya tatu kwa mtoto aliyesimama mlangoni na kijiko. Baada ya hapo mara hizo zilichanganyika, akaacha kuzitenganisha. Alianza kushona magauni yake kulingana na alama. Mwezi huu mikono inaishia kwenye kiwiko, mwezi ujao inashuka hadi kwenye kifundo. Wateja walisema fundi yule anakwenda na fasheni.

Kulia aliacha pia, bila kuamua kuacha. Machozi yalikuwa kama wapangaji waliohama. Akipita kwenye chumba chao anakikuta kimefagiwa.

Dawa zote alizoleta nyumbani zilipatikana. Alizificha kwenye mchele, zikapatikana. Alizifungia sandukuni, na hilo ndilo lililomchekesha mumewe zaidi. "Mimi unanifungia?" alisema, akalifungua sanduku kwa pini ya nywele ya Pindo mwenyewe. Lakini kitu ambacho Pindo hakukielewa kwa muda mrefu ni kwamba mumewe alijua siku. Siku ile ile anayotoka kliniki, hata akipitia sokoni, hata akificha kopo kifuani, anamkuta mlangoni kanyoosha mkono.

Kliniki nako walikuwa wamechoka naye. Kipimo cha wingi wa virusi kilitoka juu, kikarudiwa, kikatoka juu tena. Nesi aliyemhudumia alikuwa mwanamke mwenye haraka, si mbaya, ila foleni yake ilifika hadi kwenye ngazi.

"Mama, unameza?"

"Nameza."

"Damu haisemi hivyo. Unasahau, eh? Weka alamu kwenye simu."

"Sawa."

"Na hapo jichoni?"

"Mlango wa kabati."

Nesi aliandika. Pindo aliona kalamu ikitembea, akajua haikuandika kabati. Akarudishwa kwenye utaratibu wa kuchukua dawa mwezi mmoja mmoja, kama mtoto asiyeaminika na pipi. Nesi akamwambia wazi: watapima tena baada ya miezi sita, na kikibaki juu watambadilishia dawa. Za pili hizo zikishindwa, hapa hakuna za tatu. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi kuondoka, na Pindo aliitikia kwa sauti hiyo hiyo.

Alitoka pale akarudi kazini, akakaa kwenye cherehani. Mbele yake ukutani kulikuwa na koti. Lilikuwa koti zito la kijivu la mwanamume, la karani mmoja mstaafu aliyelileta libadilishwe bitana, kisha asirudi. Pindo mwenyewe ndiye aliyelitia bitana mpya. Alilitazama kwa muda mrefu. Halikumjia wazo, mikono tu ndiyo iliyoinuka. Alilishusha koti, akafumua bitana upande wa kushoto, palipo na moyo, akaingiza kifurushi cha kitambaa chenye pamba na vidonge thelathini, akapafunga kwa bandi tatu. Bandi ni mshono wa kushikiza tu, wa nyuzi ndefu zisizokazwa, ambao fundi huupiga akijua ataufumua.

Tundu la ufunguo mumewe alilijua. Uzi hakuujua.

Nyumbani alipeleka kopo lenyewe la kliniki, ila ndani kulikuwa na vitamini za dukani. Fundi Kufuli akamkuta mlangoni, akapokea kopo, akalimwaga chooni, akalala kwa amani. Mwezi uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata. Choo chao, Pindo aliwaza siku moja akikisugua, kilikuwa na afya kuliko mtu yeyote nyumba ile.

Kila asubuhi saa mbili, kabla Redio hajafika, alifumua bandi moja, akatoa kidonge, akameza kwa chai, akapiga bandi upya. Redio alikuwa fundi wa cherehani ya pili, mwanamke mnene mcheshi aliyezungumza kuanzia anapoingia hadi anapofunga mlango wa nje, ndipo akapewa jina hilo.

"Shoga, wewe na hilo koti mmefunga ndoa?" aliuliza siku moja alipowahi. "Kila nikiingia nakukuta umelishika bega."

"Napangusa vumbi."

"Mimi nina mteja wake. Yule mwalimu mwembamba. Bi Mkasi, yatima huyu keshapitisha miezi sita, tumwoze?"

Bi Mkasi alikuwa kwenye meza ya kukatia, mwanamke wa miaka sabini kasoro, mdomo umejaa pini. Hakuwahi kukosea tarehe ya yatima hata mmoja. Safari hii alitoa pini mdomoni moja moja.

"Hilo liache," alisema. "Mwenyewe atakuja."

Na kweli mwenyewe alikuja, kwa namna yake.

Ilikuwa mwezi wa sita tangu aanze kuficha dawa kwenye koti, zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kutolewa damu. Pindo alikuwa ametumwa shuleni kupima wanafunzi sare, akashinda huko mchana kutwa na futi shingoni, kisha akapitiliza nyumbani. Asubuhi yake alipoingia dukani akatundika mkoba, akageukia ukutani. Pale palipokuwa na koti palikuwa na ukuta.

Alisimama. Alisikia mlio wa taa ndefu ya dari iliyokuwa ikikaribia kuungua. Hakuhisi kitu kingine.

Redio aliingia akihema. "Umeona? Yatima wako kachukuliwa! Jana jioni. Binti yake yule karani amekuja na tiketi ya miaka hiyo, imechakaa kama noti ya zamani. Mzee amefariki. Alikuwa amelala hospitali muda wote huo, sisi huku tunamsema. Wanamzika leo saa nne, na kumbe alishasema kitambo, nikifa nivisheni koti langu la kijivu. Nimempigia pasi vizuri sana, nimemwambia pole. Shoga, mbona hivyo?"

Vidonge ishirini na viwili. Pindo alihesabu mara moja tu. Akienda kliniki kusema zimepotea wataandika kwamba zimepotea, na damu itakayotolewa baada ya wiki tatu itasema habari ile ile ya zamani. Tena nesi alishamwonya kwamba zikipungua lazima waulize nyumbani. Nyumbani wakiulizwa, Fundi Kufuli atajua kwamba alichokuwa akikimwaga chooni kilikuwa kitu kingine.

Aliona yote hayo kama mtu anavyoona mtaa kutoka ghorofani: watu wadogo, wasio na sauti.

"Bi Mkasi," alisema. "Lile koti limetoka na bandi."

Redio akacheka. "Bandi ya nini? Si ulilimaliza tangu mwaka jana?"

Sheria ya duka lile ilikuwa moja, na ilikuwa ya zamani kuliko cherehani zake: bandi haitoki dukani. Nguo ikitoka na nyuzi za kushikizia ni aibu ya duka zima, na Bi Mkasi alishawahi kumkimbiza bibi harusi hadi kwenye gari kwa uzi mmoja. Sasa alimtazama Pindo. Alimtazama usoni, kisha kwenye mikono ya gauni lake iliyofika kwenye vifundo, na jua lilikuwa kali nje.

"Nenda," alisema. "Chukua mkasi mdogo. Na uzi wa kijivu."

Nyumba ya karani haikuwa mbali. Viti vilikuwa vimepangwa nje, wanaume wamekaa wakizungumza kwa sauti za chini. Binti yake, muuza viatu ambaye Pindo alimjua kwa sura, alikuwa mlangoni, macho yamevimba.

"Pole sana, dada. Mimi ndiye fundi. Kuna kosa kwenye koti la baba. Ndani ya bitana. Nimekuja kulimaliza."

"Ameshavishwa."

"Najua. Ni dakika tano."

Sebuleni jeneza lilikuwa wazi, na pembeni yake aliketi shangazi mtu, dada wa marehemu, mwanamke mkavu aliyeshika fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini? Maiti naye anapimwa nguo siku hizi?"

"Shangazi, ni fundi. Anasema kuna kosa."

"Kosa gani litakaloonekana huko anakokwenda? Kuna mtu wa kumgeuza bitana?"

Pindo aliinua mkasi mdogo. "Ni bandi, mama. Mshono wa muda. Sitaki aende na kitu ambacho hakijakwisha."

Midomo ya bibi yule ilicheza kidogo. Kisha akainuka kwa fimbo, akamvuta binti wa marehemu kwa mkono. "Haya, tumpishe. Ndugu yangu huyu alikuwa anarudisha barua nzima kwa sababu ya nukta moja. Mwache amalize."

Wakabaki wawili, Pindo na karani. Alikuwa mwembamba kuliko koti lake. Pindo alifungua vifungo viwili, akaingiza mkono upande wa kushoto. Kifua kilikuwa baridi kupitia shati, baridi ya chombo cha udongo kilichowekwa kivulini. Akakata bandi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kifurushi kilikuwa pale pale, kimelala vizuri, Redio alikuwa amekipiga pasi na kukibonyeza bapa bila kujua. Alikifungua haraka. Viwili vilikuwa vimevunjika. Vingine vilikuwa vizima.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini. Alichukua kimoja kati ya vilivyovunjika, nusu zote mbili, akaziweka ulimini. Maji hayakuwepo. Akameza na mate yake, zikakwama, akameza tena. Zikapita, akapumua. Kwa miezi zaidi ya mitano alikuwa amemeza dawa kifuani pa mtu huyu, na leo ndiyo mara yao ya kwanza kuonana.

Kisha alitunga uzi wa kijivu, akapafunga mahali pale kwa mshono wa kudumu, mdogo mdogo, uliokazwa, ule usioonekana hata ukiligeuza koti juani. Hakuharakisha. Alifunga vifungo, akalainisha kola.

Shangazi mtu alirudi, akainama kutazama. Alipapasa bitana kwa kidole gumba.

"Hata siuoni," alisema. "Mimi nikifa nitakuita." Halafu, "Ulikuwa unamfahamu?"

"Tulikuwa tunaonana asubuhi," alisema Pindo.

Aliporudi dukani Redio alikuwa ametumwa kununua vifungo, jambo ambalo halikuwa na sababu, kwa maana vifungo vilikuwepo. Bi Mkasi alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye mto. Mbele yake mezani kulikuwa na kopo la biskuti la zamani, alilozoea kuwekea vifungo vya mfupa ambavyo siku hizi havina mnunuzi. Alikuwa amelimimina, amelipangusa.

"Weka humo," alisema.

Pindo hakusogea.

"Mwanangu, nani anayepapasa kila nguo humu ndani kabla haijatoka? Nilijua tangu mwezi wa pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelihamisha. Ungelipeleka mahali pabaya zaidi." Aligonga mfuniko kwa kucha. "Hili halina kufuli. Mimi nalikalia. Akija kulitafuta, atanianzia mimi, na mimi nina mkasi mkubwa."

Huenda ulikuwa mzaha. Pindo alikisukuma kifurushi koponi, akaketi kwenye cherehani ya dirishani, akavuta sare ya kwanza ya wanafunzi. Mguu wake ulikanyaga kwa mwendo ule ule wa kila siku. Baada ya muda aliona kwamba ameshona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua.

Wiki tatu baadaye walimtoa damu, na wiki chache baada ya hapo akaitwa. Foleni ilifika hadi kwenye ngazi. Nesi alifungua faili, akasoma, akarudia kusoma, kisha kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaegemea kiti.

"Mama! Virusi havionekani. Unaona hapa? Chini kabisa. Ile alamu imekusaidia, eh?"

Pindo aliitazama namba. Alijua ilikuwa habari njema, kama mtu anavyojua kwamba nje kuna jua kwa kuona kivuli sakafuni. Alitaka kusema ndiyo, alamu. Ndiyo lilikuwa jibu fupi na foleni ilikuwa ndefu.

"Basi safari ijayo nakupa za miezi mitatu," nesi alisema, tayari akiandika. "Tutakupigia kama kawaida kukumbusha."

"Mnanipigia?"

"Tunampigia msaidizi wako wa matibabu. Kila mwezi, siku moja kabla. Baba ndiye uliyemwandikisha, si ndiyo? Anapokea vizuri sana yule. Kila mara anasema asante, nitahakikisha."

Taa, feni, mtoto aliyekohoa kwenye korido, vyote vilikuwepo kama mwanzo. Miaka tisa iliyopita, akiwa na mimba, mtu fulani mezani alimwuliza jina la mtu wake wa karibu na namba ya simu, naye akataja, kama mtu yeyote angetaja. Kisha akasahau. Kumbe hapakuwa na ujanja wowote, wala jicho la ziada, wala pini ya nywele. Walikuwa wanampigia.

"Huyo anazitupa," alisema Pindo.

"Nani?"

"Msaidizi. Anazimwaga chooni. Nikizuia ananipiga. Haikuwa mlango wa kabati." Sauti yake ilitoka kavu na sawasawa, kama anayesoma vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Kalamu ya nesi ilisimama. Nje mtu aligonga mlango, na nesi akasema "Subiri" kwa ukali. Alifunua kurasa za faili kurudi nyuma, miezi na miezi, hadi mahali fulani ambapo alibaki akisoma mwandiko wake.

"Niliandika 'hafuati masharti,'" alisema taratibu. "Mara nne."

Pindo hakuwa na hasira naye. Hasira ilihitaji nafasi ambayo hakuwa nayo.

"Leo unarudi kwake?"

"Mtoto anatoka shule saa tisa."

"Kuna dada mmoja chumba namba sita, kazi yake ni hii. Ukitaka, nakupeleka sasa hivi. Foleni itasubiri."

Pindo alifikiria chumba namba sita. Alifikiria kiti, na mtu mwingine, na kuanza tangu birika. "Siku nyingine," alisema. Kisha akaongeza, kwa sababu nesi alionekana kama ameangusha kitu, "Nitakuja. Nitakuja na mtoto."

"Sawa. Nitakuwa hapa." Nesi alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Fundi Kufuli na namba yake, mara moja, halafu mara ya pili. "Tumwandike nani?"

Namba ya dukani Pindo alikuwa ameiandika kwenye tiketi za nguo kwa miaka kumi na moja, elfu na elfu, kwenye vipande vya karatasi vilivyobanwa kwa pini. Aliitaja bila kufikiri.

"Na jina?"

Hapo alikwama. Hakuwahi kulijua jina halisi la Bi Mkasi.

"Andika Bi Mkasi," alisema. "Ukipiga, mwambie ni kuhusu lile kopo."